Salamu Si Haki

Chimwaga, Dodoma
24 Novemba 2024

Mjomba Abdulrahim,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na magoti yamepunguza kukusumbua. Mimi sijambo, ila joto la huku linatukaanga. Mvua inanyesha Dodoma yote, ikifika Chimwaga inageuza njia kama tumeikosea. Naandika kwa mkono kama ulivyoniamuru, maana najua ukiona ujumbe wa simu unaozidi mistari miwili unasema hiyo si barua, ni kelele.

Nyumbani hawajambo? Mama nilimpigia juzi, akasema "tuko salama, wewe soma," akakata. Siku hizi mama yangu ananipa salamu kama mtu anayefukuza kuku. Bi Mwanne naye sijamsikia siku nyingi. Zamani nikipiga tu, yule jirani alikuwa anadakia simu kabla mama hajasema haloo. Msalimie sana.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Tuna asaimenti ya sheria ya katiba. Mhadhiri ametaka kila kundi lilete jambo la kweli kutoka kwao, halafu tulifanyie kesi kwenye mahakama ya mfano, na majoho kabisa. Wenzangu walileta mikutano ya vyama na mashamba. Mimi nikaleta kutengwa. Nilikumbuka nilivyokuwa mdogo, mzee Hasani wa kule juu alipotengwa kwa kutokwenda misibani, na sisi watoto tukaambiwa tusipite uani kwake. Darasa likaipenda hiyo kesi. Tukapiga kura za kugawana pande, nami nikaangukia upande wa kijiji. Kwa hiyo kazi yangu ni kuitetea Busi, Mjomba!

Wewe ndiye katibu wa chama cha kuzikana. Nieleze linavyofanyika hatua kwa hatua, usinifiche kitu. Nataka kushinda. Kuna kijana mmoja wa upande wa pili, Geofrey, anajiona jaji tayari.

Mpwa wako,
Sabrina


Busi, Kondoa
15 Desemba 2024

Mpwa wangu Sabrina,

Marahaba. Magoti yapo palepale yalipokuwa, nayo yanakusalimu. Huku mvua imeanza vizuri. Mahindi yangu yamenifika kisigino, ya wenye mbegu nzuri yamewafika goti. Mkazamjomba wako hajambo, anasema ukija ulete vitenge vya Dodoma, si maneno ya Dodoma.

Umeandika "asaimenti". Zoezi limekukosea nini? Nimefundisha darasa la nne mpaka nimestaafu, sikutoa asaimenti hata moja, na watoto walifaulu.

Unachouliza ni hivi. Huku hatuandiki. Watu wakishatoka makaburini wanakaa, na mwenyekiti wetu, Mzee Shaaban, anasimama na kusema, "Fulani ametuumiza. Mnasemaje?" Akitokea wa kumtetea, jambo linazungumzwa. Watu wakinyamaza, limepita. Hakuna kunyanyua mkono. Kunyamaza ndiyo kura yenyewe. Anayesemwa hayupo hapo, haitwi, kwa sababu akiwepo watu wataona haya. Atajua kesho yake, akisalimia na asiitikiwe.

Baada ya hapo haombwi moto wala chumvi. Kinu chake hakiazimwi. Sahani yake ikiletwa kwako inarudi kama ilivyokuja. Akifiwa, hakuna wa kumshikia jeneza. Na anayekula kwake naye ametengwa. Akitaka kurudi anachinja mbuzi, anasema mbele za watu "nimekosa", wanakula, yamekwisha. Watu wa mijini mnaona ni ukatili. Lakini bila hofu hiyo, nani angeacha palizi lake kwenda kumchimbia kaburi mtu asiye ndugu yake?

Ile kesi ya Adamu nadhani umeisikia. Yule kijana wa bodaboda alifungwa kwenye nguzo ya ofisi ya kijiji, sungusungu wakampiga kwa ajili ya mbuzi, na mbuzi mwenyewe akaonekana baadaye kwenye zizi la mwenyewe. Mahakama ya Kondoa ilitaka mashahidi. Kijiji kizima kilikuwa hakijaona kitu. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa ameona, akaenda akasema. Vijana wawili wako gerezani, mmoja wao ni mtoto wa Mzee Shaaban. Mengine utayasikia ukija.

Mama yako yupo. Anapalilia peke yake mwaka huu.

Mjomba wako,
Abdulrahim


Chimwaga
2 Februari 2025

Mjomba wangu kipenzi,

Shikamoo, shikamoo tena! Mwambie mkazamjomba vitenge vinakuja, maana mpwa wenu ameshinda.

Usiniulize kama nimelala. Kwanza nikushukuru, barua yako ilikuwa bora kuliko vitabu vyote nilivyoazima maktaba. Upande wa kina Geofrey walianza na Ibara ya 13, kwamba chombo chochote kinapoamua haki ya mtu lazima kimpe nafasi ya kusikilizwa kikamilifu. Walijipanga, wakasoma kwa sauti, watu wakatikisa vichwa.

Nikasimama. Nikasema, Mheshimiwa Jaji, haki ipi iliyoamuliwa hapa? Salamu si haki. Hakuna ibara inayomlazimisha mtu kumwitikia jirani yake, wala kula kwake, wala kuazima kinu chake. Ibara ya 20 inampa kila mtu uhuru wa kushirikiana na amtakaye, na imekataza kumlazimisha mtu kujiunga na chama. Basi na wanakijiji wana uhuru wa kukaa mbali na wasiyemtaka. Hawakutoa hukumu, Mheshimiwa. Walinyamaza tu, na kunyamaza hakujawahi kuwa kosa.

Geofrey akainuka, akauliza, "Je, kabla ya kumtenga, kuna mtu alimwuliza yule mzee?" Nikamjibu, "Mtu haulizwi kabla ya kunyimwa salamu, msomi mwenzangu. Anajiuliza mwenyewe." Watu walicheka mpaka mhadhiri akagonga meza. Alama za juu kabisa, Mjomba. Hoja yote nimekuandikia hapo juu ili uwasomee rafiki zako, wajue Busi ina wakili.

Ila mama. Nilimpigia kumwambia nimeshinda, akasema "hongera mwanangu" tu. Nikamwuliza Bi Mwanne yuko wapi, akasema yuko kwake. Wamegombana? Niambie wewe, yeye hasemi.

Wakili wako,
Sabrina


Busi
23 Februari 2025

Sabrina,

Marahaba. Hongera sana.

Barua yako imesomwa na watu wengi kuliko ulivyodhani, na wote wameisifu. Mzee Shaaban ameiomba akae nayo.

Simu za huku zinasumbua, mnara haujakaa sawa. Mama yako na Bi Mwanne ni watu wazima.

Mwezi unakaribia kuandama. Funga vizuri, usijitie kusoma na njaa.

Mjomba wako


Chimwaga
14 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu mama alinifundisha kuiandika, hata leo.

Juzi tulifuturu pamoja hosteli, mimi na Mwanasha, yule msichana wa Kolo anayesoma ualimu. Alikuwa ametoka kwao, mjomba wake amezikwa huko Busi. Akaniambia kwa upole, akidhani ninajua, "Pole kwa mama yako. Sahani ya futari aliyompelekea jirani niliiona ikirudi na kawa lake, haijafunuliwa." Nikamwuliza, mama yupi? Akanieleza yote aliyoyasikia msibani. Uji ulinishinda pale pale.

Kwa hiyo yule mtu mmoja aliyeona ni mama yangu. Mama ndiye aliyekwenda Kondoa kusema Adamu alipigwa. Na nilipokuandikia Novemba kukuuliza watu wanatengwaje, dada yako alikuwa ameshatengwa, ukakaa ukanieleza chumvi na kinu na jeneza kana kwamba ni habari za kijiji kingine. "Anapalilia peke yake mwaka huu." Nimeisoma ile sentensi mpaka karatasi imelegea. Nilidhani ni habari za shamba!

Nina hasira, Mjomba, na sijui niiweke wapi, kwa sababu nusu yake ni yangu. Nilisimama na joho la kuazima nikaufanya ukumbi mzima umcheke mtu kama mama yangu.

Nakuuliza maswali mawili, naomba uyajibu kama mwalimu. Siku ile makaburini ulisema nini? Na barua yangu, aliyoiomba Mzee Shaaban akae nayo, imefanya kazi gani?

Sabrina


Busi
6 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Sikukuu imepita. Tulichinja jogoo, mkazamjomba wako akala kidogo, mimi sikula. Mvua imekata mapema lakini mtama utatoka.

Swali la kwanza. Sikusema kitu. Mzee Shaaban alisimama, macho mekundu, mtoto wake amefungwa wiki ile ile. Akasema, "Mishi ametuuzia watoto. Mnasemaje?" Watu wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ni kaka yake. Wangenisubiri hata mpaka Alasiri. Nikaangalia chini, na waliponiona naangalia chini, likapita.

Usidhani nilimwona mama yako amekosea. Adamu nilimfundisha mimi kusoma. Lakini mimi ni mzee, Sabrina, sina mtoto wa kiume wala wa kike, naogopa kuzikwa na watu wawili. Ndiyo hivyo. Sina maneno mengine ya kulipamba.

Swali la pili ni zito zaidi. Mwezi wa pili mtendaji wa kata alikuja, akatuonya kwamba kumtenga shahidi kunaweza kutuletea matatizo ya kisheria. Wazee wakaingiwa na hofu. Bi Mwanne alianza kusema wazi kwamba amechoka kupita kwa Mishi bila kusalimia. Jambo lilikuwa linaanza kulegea. Ndipo Mzee Shaaban akaniuliza, "Mpwa wako si anasoma sheria? Yeye anasemaje?" Barua yako ilikuwa kwenye mfuko wa koti. Nilikuwa nimeibeba kwa kujivuna, nikiionyesha huku na huku. Nikampa. Akamwomba kijana mwenye sauti aisome mbele za watu. Ilipofika pale pa "kunyamaza hakujawahi kuwa kosa", watu wakashusha pumzi. Mtendaji akaondoka, na kamba ikakazwa upya.

Mama yako anajua ni maneno ya nani. Kijana aliyesoma alitaja jina lako mwanzo na mwisho, na nyumba ya mama yako haiko mbali na hapo.

Sijaingia kwake tangu siku ile ya kwanza. Tunapishana njia ya kisimani. Yeye ananiangalia, mimi naangalia jembe langu.

Abdulrahim


Chimwaga
20 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nashukuru umenijibu. Nililia, nikaoga, nikaenda kwa mhadhiri.

Anasema kesi ipo. Kumwadhibu shahidi, kumhukumu mtu bila kumsikia, kumvunjia utu wake. Ibara ya 12 inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake, tena nilikuwa naijua kwa kichwa. Naweza kutafuta mawakili wa msaada, tukaenda Mahakama Kuu. Nimekaa na hilo wiki nzima. Sheria ninayo, Mjomba, lakini hakuna jaji atakayemwamuru Bi Mwanne aje kuazima kinu kwa moyo mweupe. Hilo linatoka kwenu tu. Mkilishindwa, kesi nitaifungua, na jina lako litakuwemo.

Kwanza wasomee hii, hapo hapo mlipoisoma ile:

"Wazee wangu wa Busi, shikamooni. Mimi ni Sabrina wa Mishi. Barua mliyosomewa niliiandika mimi, na hoja yake ni mbovu. Nilisema hamkuamua kitu, mlinyamaza tu. Lakini mlikuwa mmepanga kunyamaza, mkamwekea adhabu atakayesema, hiyo ni hukumu kama nyingine yoyote. Adamu alifungwa kwenye nguzo, akapigwa kabla hajaulizwa. Mama yangu mkamfanyia vile vile, bila kamba. Simwombei msamaha, kwa sababu sijui amekosa nini. Naomba aitwe, aulizwe, mkiwa mnamwangalia usoni. Mzee Shaaban, nakupa pole ya mwanao. Mimi na yeye tulisoma darasa moja."

Uisome wewe, Mjomba. Usimpe kijana mwenye sauti.

Sabrina


Busi, kwa Mishi
4 Mei 2025

Mpwa wangu Sabrina,

Marahaba. Ukiangalia hapo juu utaona nimeandika kutoka wapi. Nimekaa uani kwa mama yako, kwenye kile kigoda kibovu, na magoti yanalalamika.

Tulizika Jumatano. Baada ya kutoka makaburini nikasimama kabla ya Mzee Shaaban, nikasoma barua yako mpaka mwisho. Kwenye jina la Adamu nilikosea mstari, nikarudia, nikaendelea. Mzee Shaaban akasema, "Mtoto huyu juzi alisema hivi, leo anasema vile. Tumshike lipi?" Watu wakaguna. Kweli hapo ulituweka pabaya.

Nikasema, "Mwacheni mtoto. Mimi ni kaka yake Mishi, na leo simtengi. Nasema aitwe." Si unakumbuka nilikuandikia kwamba akitokea wa kumtetea, jambo lazima lizungumzwe? Ndiyo desturi yetu, hata Mzee Shaaban hawezi kuivunja. Lakini sijawahi kuona mtu akiitwa. Nani aende kumwita mtu asiyesalimiwa? Watu wakatazamana. Bi Mwanne akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka bila kumuaga mtu, na tukamsikia kwa mbali akibisha hodi.

Mama yako akaja na unga mikononi. Watu waliona haya, wallahi, kama nilivyokwambia wataona. Wengine waligeukia miguu yao. Mzee Shaaban akamwuliza kwa nini alikwenda Kondoa. Akajibu, "Kwa sababu hakimu aliniuliza. Ninyi mngeniuliza, ningewaambia ninyi kwanza." Akamwambia, "Mwanao alikuwa anapiga huku analia, Shaaban. Hilo nalo nililisema mahakamani, ila hukuja kusikiliza."

Mzee Shaaban alikaa chini. Halafu akainuka, akaondoka, na nusu ya watu wakamfuata. Hakuna kilichoamuliwa. Nisikudanganye kwamba kijiji kimebadilika. Wako wanaopita hapa hata leo wakiangalia upande wa pili.

Mimi nilimfuata mama yako mpaka kwake, mchana kweupe, mlango wazi, nikala. Ukatibu nimeuacha kabla hawajauchukua. Jana sahani ya mkazamjomba wako imerudi kutoka kwa kina Shaaban haijafunuliwa, akacheka, akaja kuila hapa na sisi. Hofu yangu ya kuzikwa bado ninayo. Nikifa karibuni, uje na wanafunzi wenzako wa sheria mnibebe, na yule Geofrey awe mbele.

Ukija likizo usipitie kwangu, utakuta nimefunga. Nitakuwa hapa.

Mjomba wako,
Abdulrahim

Sabrina mwanangu,

Mjomba wako ameniachia hapa chini na mimi niseme. Mwandiko wangu utauvumilia. Amekula ugali wa uwele na mlenda, amelalamikia chumvi, kwa hiyo ni mzima.

Ile barua ya kwanza niliisikia yote nikiwa ndani. Iliniuma, lakini nilijua ni sauti ya mtu anayependa kushinda, na hilo umelichukua kwangu. Nilikusamehe siku ile ile. Bi Mwanne kinu amekichukua tangu Alhamisi na hajakirudisha, ndivyo alivyo.

Neno langu ni moja. Miezi yote hii mmeandikiana habari zangu. Wewe unamwuliza yeye, yeye anakujibu wewe, na mimi nipo na simu yangu mkononi. Nilikuwa nasema salama kwa kuogopa usome vibaya. Ukipiga tena nikisema tuko salama, usiridhike, na mimi sitakata. Niulize tena.

Mama